Pigo Moja Halitoshi

Wako watu wasemao kwamba mchezaji hupimwa kwa pigo moja kubwa. Mpira ukiruka ukatoweka nje ya uwanja, humwita mpigaji shujaa. Ukiviringika nyasini, hupiga miayo. Nawapinga watu hao, nami nakuomba unisikilize kabla hujawapigia makofi.

Tuanze na besiboli, mchezo wa Marekani, maana huko ndiko pigo kubwa lilikotukuzwa kupita kiasi. Mpigaji hukimbia vituo vitatu, kisha hurudi alipoanzia. Avizungukaye vyote kwa pigo lake mwenyewe huhesabiwa kuwa amepiga pigo kuu. Zamani mapigo hayo yalikuwa haba. Mwaka 1909 Ty Cobb aliongoza ligi yake kwa mapigo makuu 9 tu, na yote aliyapata kwa mbio za miguu yake, mpira usivuke ua hata mara moja. Mwaka 1920 Babe Ruth alipiga 54, na watu zaidi ya milioni moja wakaja kuitazama timu yake ya New York nyumbani kwake.

"Basi," watasema wapinzani wangu, "Ruth ndiye shahidi wetu." La! Ni shahidi wangu. Mwaka 1923 mtu huyo huyo alipewa kituo cha kwanza bure mara 170, kwa kuwa warushaji walimwogopa, naye hakukubali kuukimbilia mpira mbaya. Apigaye kila kijacho hapewi zawadi hiyo. Tena, kabla ya sifa zile, Ruth alikuwa mrushaji stadi, aliyeshinda michezo 23 mwaka 1916. Pigo lililoshangiliwa lilikuwa tunda tu. Mti wake ulikuwa subira.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia la kriketi. Tulipata mikimbio 166, wala hapana mchezaji wetu aliyefikisha 30 peke yake. Lakini Maurice Odumbe aliwatoa wapigaji 3 kwa mikimbio 15 tu, na majabari wale wakaishia 93. Mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mia mjini Nairobi kwa mipira 37. Nausifu ustadi wake. Lakini ni wangapi kati yenu wamjuao Afridi, wasiijue siku ya Pune?

Jambo hili si la michezo peke yake. Hapa Muhuru Bay nimemwona kijana aliyeiweka karo yake katika kamari ya mpira, akitumaini pigo moja limalize shida zake zote. Karo ilikwenda, na muhula wake ukaifuata. Laiti angeshuka ufuoni alfajiri! Angeona mitumbwi ikirudi na omena, samaki mdogo avuliwaye usiku kucha kwa mwanga wa taa. Hapana avuaye omena mmoja akajisifu. Lakini ndiye alipaye karo za nyumba nyingi hapa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, leo jioni fungua daftari lako la hesabu. Fanya swali la kwanza, kisha la pili. Hapana atakayekushangilia. Lifanye na la tatu.