Cheti Ukutani Hakizimi Moto

Wasee, kampuni ya mafuta ikijigamba ati "tumefuata sheria zote," mimi sipigi makofi. Kufuata sheria ni D plain. Umepita, lakini usituitishe keki.

Niliacha chuo, sina digrii ya uhandisi. Lakini kusoma najua, so tusome pamoja.

Tarehe 20 Aprili 2010, wakubwa wa BP na Transocean walikuwa wametembelea mtambo wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko. Walikuwa pia wanapongeza wafanyakazi: miaka 7 bila mtu kuumia hadi akose kazi. Usiku huo huo kisima kikalipuka. Watu 11 wakafa.

Hiyo rekodi haikuwa uongo. Shida ni kile ilikuwa inahesabu: nani ameteleza kwa ngazi, nani ameumia kidole. Gesi ndani ya kisima haikuwa kwa hiyo hesabu. Siku hiyo kipimo cha presha kilionyesha kuna noma, wakakisoma vibaya, kazi ikaendelea.

Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988. Pampu moja ilikuwa imetolewa vali ya usalama ndiyo ikarabatiwe. Fomu ilijazwa. Lakini shifti ya usiku haikuambiwa, wakaiwasha. Watu 167 wakafa. Karatasi ilikuwepo. Kuongea ndiko hakukuwepo.

Najua kuna mtu atasema, "Huku kwetu hata hiyo sheria hatujaifikia." Kweli. Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, na EPRA ikasema ilikuwa imekataa kuruhusu kituo cha gesi pale. Barua ya kukataa ilikuwepo, na lori la gesi likaingia tu. Hiyo ndiyo pointi yangu: gesi haisomi barua. Kinachookoa watu ni mtu aliye pale, anayeweza kusema "simama" na asikizwe.

Na sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 inamtambua huyo mtu. Ukiona hatari kubwa, uripoti, na mwajiri hafai kukurudisha pale kabla hajairekebisha. Safi kabisa. Sasa niambie, kibarua wa kulipwa kwa siku akikataa kushusha mafuta kwa sababu amenusa kitu, kesho ataitwa kazi? Wote tunajua jibu. Mpaka hilo jibu libadilike, helmeti na mabango ya "Usalama Kwanza" ni mapambo.

Kampuni inayojali ingemlipa huyo kibarua siku yake yote, hata kama ilikuwa harufu tu. Ingehesabu ajali zilizokaribia kutokea, si zile zimeshazika watu.

Kwa hivyo ukienda intavyuu huko, usiulize wana vyeti vingapi. Uliza hivi: mara ya mwisho mfanyakazi wa chini alisimamisha kazi ilikuwa lini, na bado yuko hapa?

Wakinyamaza, umepata jibu.