Noti ya Juu Haitaki Kelele
Songea, jirani ya Peramiho walikofika Wabenediktini mwaka 1898, ina mizizi mirefu ya kwaya, lakini bado noti ya juu huhesabiwa kuwa kazi ya misuli: shingo hukaza, kidevu huinuka, sauti ya kwanza ikapiga kelele. Koo lenyewe halifanyi kazi hivyo. Ili sauti ipande, nyuzi za sauti hunyooshwa zikawa nyembamba. Kwenye noti ya la ya juu ya soprano hugongana mara 880 kwa sekunde, na pumzi ya fujo huzichubua tu. Katika falseto, ile sauti nyepesi ya juu, hukutana kwa kingo pekee, ndiyo maana mwanamume hupanda kwa wepesi. Watakaosema hiyo si sauti ya kiume wamsikilize hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliyeshuka hadi besi na kupanda hadi wembamba wa ajabu. Kwamba vigangoni hakuna kinanda wala mwalimu aliyesomea ni hoja nzito zaidi. Hata hivyo, kutetemesha midomo kwa pumzi ndogo, kisha kushuka polepole kutoka sauti nyepesi ya juu hadi ya kifuani, hakuhitaji kinanda. Walimu wa kwaya, anzeni mazoezi hivyo, na aliyekwaruzika koo mpumzisheni.