Moto Ndani ya Tumbo

Kila mtu aliyechomwa na mwiba anajua mambo haya manne: mahali pale huwa pekundu, huvimba, hupata moto, huuma. Ndivyo mwili unavyopigana na adui. Vita ikiisha, mahali hupoa. Lakini ikiendelea miaka mingi, nyama inabomolewa na kujengwa tena, kubomolewa na kujengwa tena, hata siku moja inajengwa vibaya. Na hapo kansa yaweza kuanza.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu husema kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo mengi. Tusione haya: waganga wakubwa nao walifundishwa karibu hivyo. Mwaka 1979, katika mji wa Perth huko Australia, daktari Robin Warren aliona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda ndani ya tumbo lenye ugonjwa. Wengi hawakusadiki, maana asidi ya tumbo ni kali mno. Mwenzake, Barry Marshall, akajaribu kuviotesha katika visahani. Visahani vilitupwa baada ya siku mbili, havina kitu. Ikafika Pasaka ya mwaka 1982. Watu wakaenda sikukuu, visahani vikabaki siku tano hivi. Waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Kumbe vilitaka muda tu!

Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akatapika, kinywa kikanuka, na tumbo lake lililokuwa zima likaonekana limewaka. Mke wake alipojua, alimtaka anywe dawa mara moja, na sisi tunamsifu mama huyo. (Wanafunzi wasimwige bwana yule.) Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Kijidudu hicho huitwa Helicobacter pylori. Tangu mwaka 1994 kimeandikwa miongoni mwa vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Katika Afrika watu wengi mno wanacho tangu utoto, wala hawaugui. Wachache hupata kidonda, wachache zaidi kansa.

Dawa ipo: aina mbili au zaidi za kuua vijidudu, pamoja na ile ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Tunamjua baba mmoja aliyeacha vidonge siku ya tano kwa kuwa maumivu yamekwisha, akamgawia jirani vilivyobaki. Wote wawili wangali wanaumwa.

Naye atapikaye damu, au apataye choo cheusi kama lami, au akondaye bila sababu, asingoje siku ya soko ndipo aende hospitali.