Tairi kuukuu zaweza kupoza nyumba ya kuku, lakini hesabu itangulie

KATIKA miji mingi ya Kenya, tairi zilizochakaa huwa na njia tatu. Zenye bahati hukatwa na mafundi wa jua kali kuwa viatu vya akala au kamba za mpira. Nyingine hutupwa nyuma ya karakana, zikajaa maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu wanaoeneza homa ya dengue. Zilizosalia huchomwa ili waya uliomo uuzwe kwa kilo, na moshi mweusi huachiwa majirani.

Ndiyo maana wazo la kusaga tairi hizo na kutengeneza vibao vya kuzuia joto katika majengo linafaa kuungwa mkono. Hata hivyo, lipimwe kwa mizani ya biashara, si kwa shauku ya mazingira pekee.

Anayeweza kunufaika mapema si mwenye ghorofa mjini bali mfugaji. Nyumba nyingi za kuku huezekwa kwa mabati matupu, na jua la mchana huzigeuza tanuri. Kuku wa mayai hustawi katika joto la takriban nyuzi 18 hadi 24. Likipita nyuzi 30, hula kidogo, hunywa maji mengi, mayai hupungua na ganda huwa jepesi. Kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa zaidi ya ufugaji huu, kila trei inayokosekana huuma.

Kiwandani, tairi hukatwakatwa na kusagwa, waya huondolewa kwa sumaku na nyuzi za kitambaa hutenganishwa kwa hewa. Nyuzi hizo hunasa hewa, hivyo huzuia joto vizuri. Chembechembe za mpira huchanganywa na gundi na kushindiliwa kuwa mikeka au vibao. Mpira hupitisha joto kidogo kuliko zege, lakini zaidi ya pamba ya kioo. Sifa yake kubwa ni kupunguza kelele na kutooza.

Hapo ndipo mwekezaji anapofaa kuwa macho. Tairi za malori zina waya mwingi na nyuzi chache mno, tofauti na za magari madogo. Anayepanga kiwanda kwa kutegemea nyuzi ajue kwanza atapata tairi zipi. Usafirishaji nao ni mtihani: lori la tairi nzima hubeba hewa zaidi ya mpira. Afadhali zikatwe karibu na zinakokusanywa, vipande ndivyo visafirishwe.

Kuna pia suala la moto. Mkasa wa jumba la Grenfell jijini London mwaka 2017, ulioua watu 72, ulionyesha hatari ya kufunika jengo kwa vifaa vinavyoshika moto. Mpira huwaka, na ukishika moto ni vigumu kuuzima. Wafugaji wengi hulea vifaranga kwa jiko la makaa. Kibao cha mpira kilichoachwa wazi juu ya jiko hilo ni kualika maafa. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, liweke viwango na kupima bidhaa hizi kabla hazijafika dukani.

Bei nayo ina mpaka. Mkulima wa Mwea aliyezungukwa na maganda ya mpunga hatanunua kibao ghali ikiwa maganda yanaweza kujazwa juu ya dari kwa gharama ndogo.

Basi nani alipie? Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kufukia tairi nzima majaani mwaka 2003, na zilizokatwa mwaka 2006, hivyo waliokuwa nazo wakalazimika kutafuta njia nyingine. Afrika Kusini ilianza mwaka 2013 kutoza randi 2.30 kwa kila kilo ya tairi mpya. Mwaka 2017 ada hiyo ikageuzwa kodi ya serikali, huku shirika lililosimamia mpango huo likiburutwa mahakamani. Funzo ni kwamba kukusanya fedha ni rahisi kuliko kuzifikisha kwa mchakataji.

Kenya tayari ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata ikishatumika. Kwa tairi, ada ilipwe bandarini na kiwandani, kisha itolewe kwa kila kilo iliyosagwa na kupimwa, wala si kwa ahadi ya kujenga kiwanda. Vijana wanaokusanya tairi walipwe papo hapo wanapozifikisha kwenye mzani.

Bila mpango huo, anayechoma tairi apate waya ataendelea kuwa mshindani mkali. Yeye halipi chochote kwa moshi anaouacha.