Wanyama Wasisingiziwe

Mitundu, kusini mwa Itigi, imepakana na misitu wanamoingia vijana wetu kurina asali. Kijana asiporudi, upesi husemwa ameliwa na wanyama, na jambo likaishia hapo. Tunasema wazi: desturi hiyo hatuikubali.

Septemba 1988 Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, alipotea katika mbuga ya Masai Mara, Kenya. Wakubwa kadhaa wakadai ameliwa na wanyama. Babaye akakataa, akamtafuta mwenyewe; mwaka 1989 mahakama ikathibitisha kuwa aliuawa. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Baba yule alimudu kukodi ndege. Mzazi wa Mitundu anaye balozi wake wa nyumba kumi na serikali ya kijiji. Basi mbiu ipigwe siku ile ile, na polisi wasifunge jalada pasipo ushahidi.