Kuchemsha maji haitoshi

Kolwezi ao Likasi, robine ya REGIDESO ikikauka, mama anabeba bidoni, anashuka kwenye chemchemi. Maji inaonekana safi. Wakati wa kolera wanatuambia: chemsheni. Ni kweli, moto unaua vidudu. Lakini pembeni ya viwanda vyenye kuosha madini na asidi, shaba na kobalti hazikimbie moto. Ukichemsha, maji inapunguka, metali inabakia mu sufuria.

Kujengea chemchemi simenti, kukataza vyoo kule juu, ni vizuri, na bei iko chini kuliko pampu yenye kuharibikaka kila mwaka. Ila maji ipimwe mu laboratware, masika na kiangazi, na majibu yabandikwe palepale.

Feza iko. Tangu 2018, sheria ya madini inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Sisi watu wa sendika tuliangalia mishahara tu. Tulikosea, mufanyakazi naye anakunywaka ile maji kwake. Cahier des charges ikifunguliwa tena, muombe kipimo cha maji mbele ya rangi ya masomo.