Sirene haitoshi: mwenye kubeba mgonjwa afundishwe, apimwe, apewe cheti

Goma, Bukavu ao Butembo, sisi wote tumeona hii: aksida inafanyika, watu wanakimbia, mmoja anakamata majeruhi miguu, mwingine mikono, wanamuweka juu ya moto katikati ya watu wawili, wanaenda. Wanafanya kwa moyo mzuri. Lakini kama mfupa wa shingo umevunjika, kule kumukunja kunaweza kumulemaza maisha yote.

Kwa motari hatuna neno. Anasaidia na kile iko nacho. Swali letu ni kwa ile gari ya sirene, yenye familia inalipa. Mule ndani, mwenye kukaa pembeni ya mgonjwa alisoma nini? Nani alimupima? Anajua kukandamiza jeraha lenye kutoka damu nyingi, juu damu inaweza kuua ndani ya dakika chache? Anajua kukanda kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, moyo ukisimama? Ao alipewa tu gile?

Kwengine hawachezi na hii kazi. Ufaransa, hata msaidizi wa chini wa ambulansi anafundishwa masaa 70. Marekani, mwenye cheti cha taifa cha kuanzia anapita mtihani, na kila miaka 2 anaonyesha tena kama angali anajua.

Wengine watasema nchi ni masikini. Kufundisha mtu kukandamiza jeraha haiombi mashini. Inaomba mwalimu, kitambaa na wakati.

Kwa hiyo tunaomba serikali:

1. Cheti kimoja cha kuanzia, kwa ambulansi zote, za serikali na za watu binafsi.
2. Mtihani wa mikono, hapana wa karatasi tu, na kurudilia kila kisha miaka michache.
3. Mafunzo mafupi ya bure kwa wamotari, juu wao ndio wanafika wa kwanza.
4. Cheti kisiuzwe. Sote tunajua namna permi zinapatikana. Cheti cha kununua ni mubaya kupita kukosa cheti, juu kinatudanganya.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Ile haki haingoje mlango wa hospitali, inaanzia barabarani.

Na wewe, uliza kwa shefu wa kartie na kwa hospitali ya karibu: watu wa ambulansi yetu wana cheti gani? Uliza leo, mbele aksida ifike kwenu.